Somo la 8: Deni la Zamani Linapodaiwa Upya

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 2 Wafalme 4:1–7; Kumbukumbu la Torati 24:10–13; Luka 3:12–14; Mithali 18:17; Yeremia 32:6–15; Kumbukumbu la Torati 15:1–11; Nehemia 5:1–13; Matendo 25:6–12.

Fungu la Kukariri: Warumi 13:8. Lisome katika Biblia yako, liandike kwa mkono wako, na ulirudie kila siku ya juma hili.

Wahenga walisema, "Dawa ya deni ni kulipa." Maneno hayo ni ya kweli, na waumini wengi wamelelewa nayo. Lakini dawa hupewa mgonjwa baada ya kupimwa. Anayemeza dawa ya ugonjwa asiokuwa nao hujidhuru. Na anayejua kuwa ni mgonjwa, akakataa dawa kwa sababu hakuna wa kumlazimisha, naye hujidhuru.

Somo la juma hili linahusu deni la zamani. Mkopo uliochukuliwa miaka mingi iliyopita, ambao mkopaji aliamini umekwisha au amekwisha kuusahau, hurudi ghafla kwa njia ya simu au ujumbe. Anayepiga simu mara nyingi siye aliyekopesha. Ni kampuni ya kukusanya madeni, iliyopewa kazi hiyo na mkopeshaji au iliyonunua madeni yake ya zamani. Mkononi ina orodha ya majina, namba za simu na kiasi cha fedha.

Wapo waumini wanaolipa papo hapo kwa hofu ya aibu, bila kuuliza lolote. Wapo pia wanaozima simu na kubadili namba. Makundi haya mawili yanafanana katika jambo moja: hakuna aliyeuliza kama dai ni la kweli. Neno la Mungu linafundisha njia nyingine. Mkristo halipi uongo kwa sababu ya hofu, wala hakimbii ukweli kwa sababu sheria imemfungulia mlango wa kutokea.

Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.


JUMAPILI
Mwia Mlangoni

Soma 2 Wafalme 4:1–7. Je, deni hili lilikuwa la nani? Elisha alimwuliza mjane maswali gani kabla ya kumsaidia?

Mjane huyu hakuwa amekopa yeye. Mumewe, mtu aliyemcha Bwana, alikufa akaacha deni, na mwia akaja kutaka watoto wawili wawe watumwa wake. Hiyo ndiyo sura ya deni la zamani: aliyekopa hayupo tena kueleza, waliobaki wana huzuni, na anayedai ana haraka.

Elisha hakumlaani mwia, wala hakumwambia mama yule ajifiche. Alimwuliza anataka atendewe nini, kisha akamwuliza nyumbani mwake kuna nini. Baada ya muujiza wa mafuta, agizo lake lilikuwa na mpangilio: kwanza kuuza, pili kulipa deni, tatu kuishi kwa kilichobaki. Deni lilikuwa la kweli, kwa hiyo lililipwa. Lakini lililipwa kwa mafuta, si kwa watoto. Mungu aliheshimu haki ya mwia na papo hapo akaiwekea mpaka.

Mpaka huo unaonekana wazi katika Kumbukumbu la Torati 24:10–13. Mkopeshaji alikatazwa kuingia katika nyumba ya mdaiwa ili kuchukua rehani. Alipaswa kusimama nje, na mdaiwa mwenyewe amletee. Nyumba ya maskini ilibaki kuwa nyumba yake, hata alipokuwa na deni. Yohana Mbatizaji naye, alipoulizwa na watoza ushuru na askari, hakuwaambia waache kazi zao (Luka 3:12–14). Aliwaagiza wasitoze zaidi ya kiwango kilichowekwa, wasimdhulumu mtu kwa vitisho, wala wasimshitaki kwa uongo.

Maneno hayo yanawahusu pia washiriki wa kanisa wanaofanya kazi ya kukusanya madeni. Kazi hiyo si dhambi. Lakini kijana anayemtukana mama mzee kwenye simu, au anayewapigia jirani na wakwe zake ili kumwaibisha, amevuka mpaka ambao Mungu aliuweka tangu zamani. Sheria za nchi nazo zimeanza kuulinda mpaka huo. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kutumia vitisho na matusi, au kuwasumbua watu waliomo katika orodha ya simu ya mkopaji. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kwa habari ya deni la marehemu, mjane wa leo ajue jambo moja. Deni hilo hulipwa kutoka katika mali aliyoiacha marehemu, kupitia msimamizi wa mirathi. Mke au mtoto hawajibiki kwa mali yake binafsi, isipokuwa kama alikopa pamoja na marehemu au alitia sahihi ya kumdhamini.

Kama mwia angekuja leo nyumbani kwako, ni kitu gani ungeweza kumpa kwa haki, na ni kitu gani hana haki ya kukigusa?


JUMATATU
Je, Neno Hili Ni Kweli?

Soma Mithali 14:15 na Mithali 18:17. Mafungu haya yanamfundisha nini mtu anayepokea dai asilolitarajia?

Sulemani alikuwa mwamuzi, naye alijua udhaifu wa kila baraza. Anayetangulia kusema huonekana ana haki mpaka mwenzake aje kumhoji. Kwa hiyo kumhoji anayedai si ukorofi wala kukosa unyenyekevu. Ni sehemu ya haki yenyewe. Bila maswali, kweli haina njia ya kujitokeza.

Chukulia mfano wa mwalimu mstaafu, mshiriki mwaminifu wa kanisa. Jioni moja anapigiwa simu. "Mama, unadaiwa shilingi 1,840,000 za mkopo wa mwaka 2013. Usipolipa kufikia Ijumaa tunakuja na dalali kuchukua vyombo." Mama huyu anakumbuka kwamba ni kweli alikopa mwaka ule, na kwamba mkopo ulikuwa ukikatwa kwenye mshahara. Anavyojua yeye, ulikwisha zamani. Moyo unamwenda mbio. Anawaza majirani, anawaza kanisa, anawaza kiinua mgongo chake. Ni rahisi kusema, "Mwanangu, nitumie namba nilipe nusu."

Hapo ndipo hekima inapohitajika. Anaweza kusema kwa upole: "Mwanangu, nimekusikia. Mimi sibishani kwa simu. Niletee dai lako kwa maandishi." Barua hiyo ijibu maswali yafuatayo:

1. Aliyekopesha ni nani, na mkataba uliotiwa sahihi uko wapi?
2. Kampuni hii ina idhini gani ya kudai kwa niaba yake, au deni lilihamishiwa kwake lini?
3. Kiasi cha msingi kilikuwa kiasi gani, kimelipwa kiasi gani, na malipo ya mwisho yalikuwa tarehe ipi?
4. Riba na gharama zilizoongezwa zimetokana na kifungu gani cha mkataba?

Kampuni ya kweli itaweza kujibu. Tapeli hatajibu, atapandisha sauti na kutaka fedha zitumwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi kabla jua halijachwa. Na kitisho cha dalali kisimtie kiwewe. Kwa mkopo usio na dhamana, vyombo vya mtu havikamatwi kwa simu ya kampuni. Panahitajika kesi, hukumu na amri ya mahakama.

Mama huyu ajihadhari na mambo mawili hata mwanzoni kabisa. Asiseme, "Sijawahi kukopa," kwa maana huo ni uongo. Wala asiseme, "Ndiyo, nadaiwa kiasi hicho," kwa maana hajui kama ni kweli. Kati ya uongo huo na kukubali huko kuna neno la tatu lililo safi: "Nionyeshe." Ndiyo ya Mkristo ni ndiyo, na siyo yake ni siyo (Mathayo 5:37); na pale asipojua, huchunguza kabla ya kusema mojawapo.

Ni mara ngapi umekubali jambo lisilo la kweli kwa sababu tu uliogopa kuonekana mbishi?


JUMANNE
Chombo cha Udongo

Soma Yeremia 32:6–15. Orodhesha hatua zote ambazo Yeremia alizifuata aliponunua shamba. Kwa nini alijali maandishi wakati mji ulikuwa umezingirwa na jeshi?

Ulikuwa mwaka wa 10 wa mfalme Sedekia. Wababeli walikuwa wameuzunguka Yerusalemu, na nabii alikuwa kifungoni. Hata hivyo alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, akazipima kwenye mizani mbele ya mashahidi. Hati ziliandikwa mbili, moja ikatiwa muhuri na nyingine ikaachwa wazi. Kisha Baruku akaamriwa aziweke zote mbili katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi.

Nabii aliyeamini ahadi ya Mungu hakuona kwamba imani inaondoa haja ya karatasi. Alijua uhamisho ungekuwa wa miaka mingi, mashahidi wangekufa, na siku moja mtu angeuliza shamba hili ni la nani. Kwa hiyo aliandaa jibu kabla ya swali. Waswahili nao husema, "Mali bila daftari hupotea bila habari."

Wengi hushindwa katika madai ya zamani kwa sababu walitupa karatasi. Stakabadhi za benki, hati za mshahara, ujumbe wa malipo kwa simu na barua ya kumaliza mkopo, hivyo ndivyo hati za Anathothi za siku hizi. Anayemaliza mkopo leo aombe barua ya kuthibitisha kwamba hadaiwi, ainakili, na aitunze hata baada ya miaka mingi. Hati iliyopotea mara nyingi huweza kutafutwa tena benki au kwa mwajiri.

Mwalimu mstaafu wa mfano wetu anashusha sanduku lake la zamani. Mkataba unaonyesha makato ya shilingi 125,000 kwa mwezi kwa miezi 24, yaani jumla ya shilingi 3,000,000 pamoja na riba. Anazipanga hati za mshahara sakafuni, mwezi baada ya mwezi, na kuhesabu makato. Yako 21. Anahesabu tena. Yako 21 tu, yaani shilingi 2,625,000. Mwaka 2014 alipohamishwa kituo cha kazi, makato yalikatika kwa miezi 3, na miezi hiyo alipokea mshahara wake bila kupungua. Hakuiba. Hakujua. Lakini shilingi 375,000 hazikulipwa.

Karatasi zilezile zinazomtetea dhidi ya shilingi 1,840,000 zinamshuhudia dhidi ya shilingi 375,000. Hati haina upendeleo. Anayefungua sanduku ili kupata haki yake awe tayari kukutana pia na haki ya mwenzake humo humo.

Daudi aliomba Mungu amchunguze na kuujua moyo wake (Zaburi 139:23). Je, uko tayari kuchunguza kumbukumbu zako za fedha kwa roho hiyohiyo, hata kama jibu halitakupendeza?


JUMATANO
Miaka Sita na Mwaka wa Saba

Soma Kumbukumbu la Torati 15:1–11. Ni nani aliyeagizwa kuachilia deni: mkopeshaji au mkopaji? Mungu alimwonya mkopeshaji juu ya wazo gani la moyoni?

Kila mwaka wa 7 katika Israeli ulikuwa na maachilio. Aliyekopesha alilegeza mkono wake, asimsonge ndugu yake. Mungu hakutaka deni limfuate maskini mpaka kaburini na kuwarithi watoto wake. Alijua pia kwamba mkopeshaji angehesabu miaka na kumnyima maskini pale mwaka wa 7 ulipokaribia, naye akaliita wazo hilo ovu.

Sheria za nchi zetu nazo zina ukomo. Tanzania kuna Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, na Kenya kuna sheria ya namna hiyo, Sura ya 22. Katika nchi zote mbili, shauri la kudai deni la mkataba wa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka 6 tangu haki ya kudai ilipoanza. Hukumu ya mahakama na deni lenye dhamana ya ardhi vina muda mrefu zaidi. Miaka 6 ikipita, mlango wa mahakama hufungwa. Sababu yake inaeleweka: mashahidi hufa, karatasi huoza, na si haki mtu aitwe kujitetea wakati hana tena cha kujitetea nacho.

Lakini mshiriki na aelewe jambo ambalo wakusanya madeni wengi wanalijua vizuri. Hesabu ya miaka inaweza kuanza upya. Mdaiwa akilipa hata kiasi kidogo, au akikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yake, anaweza kuwa amempa mdai miaka mingine 6. Ndiyo maana anayepiga simu husema, "Lipa hata elfu kumi tu kuonyesha nia njema." Elfu kumi hiyo inaweza kuufungua mlango uliokuwa umefungwa, tena kwa kiasi chote kinachodaiwa. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote au kutia sahihi, ni busara kumwona wakili au msaidizi wa kisheria. Msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo umewekewa sheria Tanzania tangu mwaka 2017 na Kenya tangu mwaka 2016.

Sasa tofauti kati ya ukomo huu na maachilio ya Israeli ionekane. Maachilio yalitoka mkononi mwa mkopeshaji, kwa amri ya Mungu, kama tendo la rehema. Deni lilisamehewa. Sheria ya ukomo haisemi kwamba deni limesamehewa, wala haisemi kwamba limelipwa. Inasema tu kwamba mahakama haitalisikiliza. Zaburi 37:21 inamweka mtu anayekopa asilipe katika kundi la waovu, na fungu hilo halikutaja idadi ya miaka.

Hapa ndipo mizani ya dhamiri inapowekwa. Mwalimu wetu anaweza kutumia ukomo kukataa kuburutwa mahakamani kwa shilingi 1,840,000 zisizo na uthibitisho. Hiyo ni haki yake, na hakuna dhambi ndani yake. Lakini shilingi 375,000 anazijua. Sheria imemwambia hakuna atakayemlazimisha. Haijamwambia kwamba fedha zile zilikuwa zake.

Kuna tofauti gani kati ya kutumia sheria kujikinga na uonevu na kuitumia kukwepa wajibu? Mtu anawezaje kujua moyoni mwake yuko upande upi?


ALHAMISI
Kubisha kwa Haki, Kulipa kwa Haki

Soma Matendo 25:6–12. Katika aya ya 11, Paulo alisema mambo gani mawili yanayoonekana kupingana?

Paulo alisimama mbele ya Festo akishitakiwa makosa mengi mazito ambayo washitaki hawakuweza kuyathibitisha. Jibu lake lina pande mbili. Upande wa kwanza, kama ametenda kosa linalostahili adhabu, haikatai adhabu. Upande wa pili, kama mashitaka hayana ukweli, hakuna mwenye ruhusa ya kumtia mikononi mwa washitaki wake. Kisha akatumia haki yake ya uraia, akakata rufani kwa Kaisari.

Watu wengi hushika upande mmoja tu. Wanyonge hushika wa kwanza, wakakubali kila lawama wakidhani huo ndio upole wa Kristo. Wajanja hushika wa pili, wakapigania haki zao bila kujiuliza kama wamekosa. Paulo alishika pande zote mbili kwa pumzi moja, na kwa sababu hiyo neno lake lilikuwa na uzito.

Nehemia naye anaonyesha utaratibu (Nehemia 5:1–13). Aliposikia kilio cha waliopoteza mashamba na watoto kwa sababu ya madeni, alikasirika sana. Lakini hakusema kwa hasira. Alitafakari kwanza, kisha akawakabili wakopeshaji waziwazi, akataja makosa yao na kiwango walichotoza, na kutaka virudishwe. Walipokubali, hakutosheka na maneno. Aliwaita makuhani na kuwaapisha. Alitafakari, akasema wazi, akataka uthibitisho.

Kwa kielelezo hicho, mwalimu mstaafu anaandaa jibu kwa msaada wa msaidizi wa kisheria. Barua ni fupi na haina matusi. Inasema kwamba dai la shilingi 1,840,000 halikubaliwi kwa sababu halijathibitishwa, na muda wa kulidai mahakamani umepita. Inataka simu za vitisho zikome na mawasiliano yawe kwa maandishi. Nakala inabaki nyumbani, ikiwa na tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Kama deni hilo limeandikwa vibaya kwenye taasisi za kutunza taarifa za wakopaji, ambazo wengi huziita CRB, anaomba taarifa zake na kutaka zisahihishwe. Vitisho vikiendelea, anapeleka malalamiko Benki Kuu ikiwa mkopeshaji yuko chini ya usimamizi wake.

Na zile shilingi 375,000? Anaamua kuzilipa, lakini kwa hekima. Halipi kwa aliyepiga simu. Anakwenda kwa mkopeshaji mwenyewe na kuuliza deni liko mikononi mwa nani sasa. Msaidizi wake anapendekeza makubaliano ya maandishi yanayosema kwamba kiasi hicho kikilipwa, jambo lote limefungwa na jina lake limesafishwa. Makubaliano yanatiwa sahihi kwanza, malipo yanafuata kwa njia ya benki, na stakabadhi inaingia kwenye sanduku pamoja na zile hati 21.

Huenda mkopeshaji akakubali. Huenda akataka zaidi, na mazungumzo yakachukua miezi. Ukweli una gharama, na mara nyingine anayesema kweli hubeba mzigo ambao mwongo angeukwepa. Yesu aliwaagiza wanafunzi wake wawe na busara kama nyoka na wapole kama hua (Mathayo 10:16). Busara inamzuia mwalimu asitie sahihi ovyo. Upole unamzuia asilale usingizi juu ya fedha za mwingine.

Ni lipi gumu zaidi kwako: kumpinga mtu anayekudai isivyo haki, au kumlipa mtu ambaye hana uwezo wa kukulazimisha? Jibu lako linafunua nini juu ya mahali unapohitaji neema?


IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Filemoni 17–19 na Mathayo 18:23–35.

Katika barua kwa Filemoni, Paulo aligusa deni la zamani la Onesimo, liwe ni la fedha au la kosa. Hakusema kwamba kwa kuwa Onesimo ameokoka, deni limefutika. Wala hakumwacha Onesimo peke yake mbele ya bwana wake. Aliagiza deni liandikwe kwenye hesabu yake mwenyewe, na akaandika ahadi ya kulipa kwa mkono wake. Hapo injili inaonekana katika lugha ya daftari: deni la kweli, mlipaji mwingine, na ndugu aliyepokelewa tena.

Katika mfano wa Yesu, mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000 alimkaba koo mwenzake kwa ajili ya dinari 100. Dinari 100 lilikuwa deni la kweli. Ulikuwa ujira wa kibarua wa siku zipatazo 100. Kosa la mtumwa yule halikuwa kudai. Kosa lake lilikuwa kudai kana kwamba yeye mwenyewe hajawahi kusamehewa. Anayedai na anayedaiwa, wote wawili wanasimama mbele ya Mfalme mmoja.

Ellen White aliwashauri waumini waliolemewa waamue kutoingia tena katika deni, na waliepuke kama ambavyo mtu angeuepuka ugonjwa wa ndui. Katika siku zake ndui iliua na kuacha makovu, na wasomaji wake walielewa mfano huo mara moja. Deni la zamani ni kovu la namna hiyo. Kanisa linaweza kuwasaidia washiriki wake kwa mambo madogo: somo la kutunza kumbukumbu za fedha katika idara ya uwakili, mzee wa kanisa anayekubali kwenda pamoja na mjane ofisini kwa mkopeshaji, na shemasi anayejua ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu. Aibu hupungua mtu asipokwenda peke yake.

Kwa yule ambaye deni lake ni la kweli na hana cha kulipa, swali la Elisha bado lina nguvu: nyumbani mwako kuna nini? Aanze na kilichopo, amwendee mkopeshaji kabla hajatafutwa, aseme anachoweza na asiahidi asichoweza. Mungu aliyeongeza mafuta ya mjane hakuanza na vyombo vilivyojaa.

Maswali ya Kujadili:

1. Mshiriki mmoja anasema, "Kama sheria imesema miaka 6, basi Mungu ameruhusu nisilipe, maana mamlaka imetoka kwake" (Warumi 13:1). Mngemjibuje kutoka Warumi 13:7, 8?

2. Mwalimu wa mfano wetu angeweza kukaa kimya kabisa kuhusu shilingi 375,000. Je, kukaa kimya ni sawa na kusema uongo? Je, jibu lenu lingebadilika kama mkopeshaji angekuwa mshiriki mwenzake, au kama angekuwa kampuni kubwa iliyokwisha kulifuta deni hilo katika vitabu vyake?

3. Kama anayedai na anayedaiwa wote ni washiriki wa kanisa lenu, 1 Wakorintho 6:1–7 ingetumikaje? Ni hatua zipi kanisa lingechukua kabla jambo halijafika mahakamani?

4. Wapo vijana wa kanisa wanaofanya kazi ya kupiga simu za madeni na kulipwa kulingana na kiasi wanachokusanya. Kwa kutumia Luka 3:12–14, andikeni pamoja kanuni 3 ambazo kijana Mwadventista angezishika katika kazi hiyo hata kama mapato yake yatapungua.

5. Kabla ya Sabato ijayo, kila mwanadarasa aangalie nyumbani kwake: mikopo aliyomaliza, je, ina barua ya kuthibitisha? Na je, lipo deni ambalo hakuna anayelidai tena, lakini yeye analikumbuka?